Hedifoni za Warda na Udi Wangu wa Alhamisi

Warda wangu ameajiriwa studio! Studio ya kweli, iko Al Wakrah, mlango wake mnene kama wa chumba cha barafu cha hoteli, ukifungwa husikii kitu cha nje hata kimoja, na humo ndani mwanangu ndiye atakayekalia kiti cha kuchanganya sauti za matangazo na za filamu, mtoto niliyemzaa mimi Halima niliyeishia darasa la saba.

Haya, sasa salamu. Mpendwa Dada Nasimiyu wa ukurasa wa ushauri wa hapa Doha, shikamoo yako naidai maana nahisi nimekuzidi umri, lakini leo nakuja kwako kama mdogo, naomba msaada, na naomba usicheke mpaka umalize kusoma.

Mimi niko Doha mwaka wa kumi na mbili, kazi yangu ni chumba cha nguo cha hoteli, mashuka mia nne kwa siku na hakuna hata moja lililowahi kurudishwa kwa doa, muulize yeyote. Warda alinifuata miaka mitatu iliyopita akapata kazi ya kupokea simu hoteli hiyohiyo, tunakaa chumba kimoja Fereej Bin Mahmoud, na siku zake za mapumziko anachanganya sauti kwenye laptopu. Kama hujui kazi hiyo nikueleze kama alivyonieleza mwenyewe: mtu akiimba na ngoma ikamfunika, yeye ndiye anayemfukua. Vijana wa kaswida wa Umm Salal wanamletea kazi zao, hata jirani yetu Carolyne, Mkenya, nesi, anamletea kwaya ya kanisani kwao, na kwaya ile zamani ilikuwa kama watu wanaogombana, sasa hivi ukiisikiliza unatoa machozi hata kama si dini yako.

Kwa kazi hiyo alinunua hedifoni ya studio. Si zile za kuchomeka sikioni, hii ni kubwa, nyeusi, inafunika sikio lote, ina mito laini ya ngozi, na waya wake unatokea upande mmoja tu, sikio la kushoto. Dukani wakampa waranti ya miaka miwili. Miezi minne haijaisha, mto wa kushoto ukaanza kubanduka, mwanangu anavua hedifoni shavu limejaa vipande vyeusi kama masizi ya sufuria. Tukairudisha. Kwenye dawati la waranti tukamkuta kijana anaitwa Mutai, Mkenya, mpole, ana subira ya mtu anayefuga ng'ombe, akaigeuza akainusa akasema, "Mum, hii hedifoni inanukia kuliko mimi. Lakini usijali, hii ni makosa ya kiwanda, tunakupatia ingine." Akatupa mpya.

Ya pili ikaja na yake, sikio la kushoto sauti ikafifia kama mtu anaongea ndani ya blanketi, Warda akadhani ni sikio lake linakufa, akaenda kliniki kusafishwa masikio, daktari akamwambia masikio yako safi kama ya mtoto, ndipo tukajua ni hedifoni. Mutai akatoa nyingine. Ya tatu gundi ikaachia, kikombe cha kushoto kikaning'inia kwa waya. Safari hiyo Mutai akakasirika kwa niaba yetu, akawaandikia mawakala wa kampuni barua ndefu, kwamba hedifoni tatu za mteja mmoja mwangalifu zimekufa zote upande wa kushoto, basi kasoro ni ya kiwandani na yeye yuko tayari kuisimamia. Ya nne haikuchelewa. Asubuhi ya mtihani wa Warda wa kule studio, Mutai aliileta mwenyewe, siku yake ya mapumziko, akapanda metro mpaka tulipo ili mtoto asiende kuazima hedifoni za watu. Kwa hedifoni hiyo ndiyo Warda akafanya mtihani, na kwa mtihani huo ndiyo kazi. Namuombea kijana yule kila sala.

Na mimi huku nje nikaitangaza kampuni ile vibaya, chumba cha nguo chote kinajua, basi la wafanyakazi linajua, kikundi cha akina mama cha WhatsApp nilituma sauti ya dakika saba.

Sasa Dada, sikiliza. Mimi ni mtu wa Unguja. Kwetu nguo ya Ijumaa haivaliwi haijapitishwa kwenye udi. Kila Alhamisi baada ya alasiri, Warda akiwa zamu, nawasha chetezo, natandaza nguo zetu juu ya tenga la kufukizia, na juu ya nguo, tangu siku ile ya kwanza, naweka na hedifoni. Niliona kitu kinakaa kichwani kwa mtoto wa kike saa nane kwa siku, kina jasho, na watu wanavyomsifu siku hizi nikasema hapana, akingwe na macho ya watu. Nailaza upande wa kushoto chini, makusudi, kwa sababu waya uko upande huo na nikiugeuzia juu unaning'inia kwenye makaa. Ikishanukia, namalizia kwa kuipaka mito mafuta ya udi, kidogo tu, tone kwa kila sikio, la kushoto mawili maana ndilo lililokaa karibu na moshi na hukauka.

Alhamisi ya juzi nimeinyanyua hii ya nne, na kipande cha ngozi ya mto wa kushoto, ukubwa wa kucha ya dole gumba, kikabaki kwenye tenga.

Nilikaa chini. Nikahesabu Alhamisi zangu. Dada Nasimiyu, kiwanda hakina kosa, kiwanda ni mimi.

Nimemwambia Carolyne peke yake. Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akasema, "Nyamaza tu, Mama Warda. Kampuni kubwa haiwezi kufa juu ya hedifoni nne." Na ningenyamaza, wallahi, tangu siku ile hedifoni naitundika upande uliobanduka umegeukia ukutani, lakini Mutai amenipigia simu. Anasema mtu wa mawakala anakuja dukani Jumapili ya tarehe kumi na sita kuzikagua zote tatu tulizorudisha, na bosi wake kamwambia wazi, wakikuta uharibifu ni wa mteja, wewe uliyezitoa na kuandika barua ndiwe utakayejibu, na dawati hilo utaliachia mwingine. Akanichekea, "Lakini mimi siogopi, mum. Najua nyinyi ni watu waangalifu."

Na shughuli ya kumshukuru Mungu kwa kazi ya Warda nimeshaiita, ni Ijumaa, siku mbili tu kabla ya huyo mkaguzi, mgeni wangu wa heshima ni Mutai, nimemshonea shati la bluu, na ratiba inasema mimi ndiye nitakayesimama mbele ya watu wote nimvalishe na kumsifu.

Niseme? Nikisema, Warda aende kazi mpya na jina la mtoto ambaye mama yake amezichoma hedifoni? Ninyamaze, nimvalishe shati kijana wa watu Ijumaa, Jumapili avuliwe kazi? Na hii ya sasa, niache kabisa kuifukiza au nipunguze makaa?

Ni mimi Mama Warda, Fereej Bin Mahmoud.

*

Mama Warda, shikamoo yako hiyo hapo, chukua. Na hongera sana. Mtoto wa dobi kukalia kiti cha studio si jambo dogo, na watu wakikwambia unajisifu kupita kiasi waambie Nasimiyu amekuruhusu mpaka mwisho wa mwezi.

Nilicheka kabla sijamaliza kusoma, nisamehe. Hata mimi mamangu alinifulia cheti cha uuguzi kikiwa kwa mfuko wa koti, halafu akakipiga pasi, akanipa akisema, "Ona kilivyonyooka." Hayo ni mapenzi. Hakuna mtu atakuhukumu kwa zile Alhamisi za kwanza, hukujua.

Lakini sasa unajua, na hapo ndipo nakugeukia. Unageuza hedifoni iangalie ukuta? Mama mzima? Mashuka mia nne bila doa, halafu doa hili unataka kulifunika na shati la bluu? Huyo kijana alipanda metro siku yake ya kupumzika kwa sababu aliamini neno lenu. Barua aliyoandika ni neno lako limevaa jina lake. Ukimsifu mbele ya watu Ijumaa na moyoni unajua Jumapili inamngoja, hiyo si shukrani, unamremba tu kabla hajachinjwa. Na jirani Carolyne nampa salamu, ashauri wagonjwa wake.

Fanya hivi. Leo, Warda akirudi zamu, mkalishe na umwambie kabla hujapika, maana ukianza kupika utaahirisha. Mwanzie na lile sikio. Mtoto alienda kliniki akidhani anakuwa kiziwi, na hiyo ndiyo atakuuliza kwanza. Usijitetee. Acha anune, atanuna siku moja, pengine mbili.

Kesho yake mwende dukani pamoja. Usibebe sambusa. Sambusa utabeba siku nyingine. Ukienda nazo sasa itaonekana unalainisha. Beba hiyo hedifoni ya nne ilivyo, na karatasi uliyoiandika kwa mkono wako: nilizifukiza, nilizipaka mafuta, niliziweka kushoto chini kwa sababu ya waya, nilikuwa sijui, na Mutai hakujua. Hilo la mwisho lipigie mstari. Weka jina lako kamili na namba ya simu, umpe Mutai mkononi, yeye ndiye ampelekee bosi wake. Mtu akipeleka ukweli mwenyewe kabla ya mkaguzi kufika, hiyo inamsimamia. Wakisema waranti imekwisha, sema ahsante. Wakitaka hedifoni yao, wape, mito na vyote.

Kuhusu Warda kupata jina baya studio: watu wa sauti wanajua mito huchakaa, inauzwa hata peke yake. Kitambaa kikavu baada ya kazi, ining'inizwe mahali pa kivuli, basi. Na hapana, usipunguze makaa. Acha kabisa. Fukiza mtandio wake. Hedifoni itakaa juu ya mtandio na harufu ataipata.

Halafu usiifute shughuli. Nione kama Mutai atakuja. Mimi nakuja hata asipokuja, lakini nitakuuliza.

Nasimiyu

*

Dada Nasimiyu, naandika haraka uwahi kuniweka kwenye ukurasa.

Nimemwambia Warda. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa nalala nashika sikio." Hakusema kingine mpaka kesho yake mchana, ndipo akaninyooshea kanzu yangu ya kwendea dukani, kwa pasi, nikajua nimesamehewa nusu. Karatasi nimeiandika mwenyewe, kurasa mbili, hati yangu ni nzuri, bosi wa Mutai aliisifu hati kabla hajasoma maneno.

Mutai aliisoma mara mbili mbele yangu. Hakucheka. Akasema, "Mum, nilikuwa nimewapigania." Nikamwambia najua baba, ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu. Akaipeleka. Tulingoja pale kwenye viti muda mrefu, Warda amenishika mkono kama mimi ndiye mtoto. Bosi alipotoka alinusa hedifoni, akatikisa kichwa, akasema zilizotolewa zimetolewa, waranti ya hii imekufa leo, na barua hii inatosha, mkaguzi ataambiwa asije. Mutai yuko dawatini kwake. Ameonywa, lakini yuko. Alipotusindikiza mlangoni ndipo akacheka, akaniuliza kama lile shati nalo nitalifukiza, nikamwambia shati ndiyo, shati halina gundi, akasema, "Basi sawa, lifukize sana."

Mito mipya Warda amenunua mwenyewe. Kikundi cha WhatsApp nimewatumia sauti nyingine ya kuisafisha ile kampuni, hii dakika tisa. Na Carolyne amekubali kuleta kwaya nzima.

Kwa hiyo Dada, kama ulivyoahidi, na kila anayesoma ukurasa huu na jina la Warda limempendeza, pilau ni ya kutosha, Mutai atakuwepo na shati lake, na nitayasema haya yote mimi mwenyewe mbele ya watu: juu ya paa la jengo letu Fereej Bin Mahmoud, baada ya sala ya alasiri, Ijumaa ya tarehe kumi na nne Novemba.