Vitufe Vinavyopotea Jioni

3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na mtoto hamjambo. Sisi huku ni wazima, isipokuwa Mama analalamikia macho kidogo, na mimi nina mtihani wa hesabu wiki ijayo. Nakuandikia barua pepe kutoka kwenye kompyuta ya shule kwa sababu simu ya nyumbani ni moja tu, nayo ni ya Mama, na jambo lenyewe linamhusu yeye.

Ni ile programu uliyomtengenezea ya kazi yake ya udobi. Tangu uisasishe na kuipa sura mpya, Mama anasema vitufe vya chini vinatoweka. Unajua anavyofanya. Akimaliza hatua moja ya nguo za mteja, anagusa jina la mteja, kisha anagusa kitufe kwenye ule upau wa chini: Zimeingia, Zinafuliwa, Pasi, Tayari. Mteja anapata ujumbe papo hapo. Sasa anasema jioni upau unabaki mweusi mtupu, hakuna alama wala neno, naye anabahatisha kwa kidole gumba.

Juzi alibahatisha vibaya. Dereva wa gari la wagonjwa alikuja kuchukua sare yake akaikuta ndani ya beseni la povu. Akasema mbele ya watu, "Mama Dobi, kumbe suruali yangu imekauka kwenye simu tu?" Watu wakacheka. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakabeba mafurushi yao wakaondoka, na Mama akabaki ameshika pasi hewani kama mtu aliyesahau alichotaka kunyoosha.

Mimi nikirudi jioni nikiichukua simu kutazama, naviona vitufe vyote. Hilo ndilo linalonishangaza, maana Mama si mtu wa kuzua. Tafadhali iangalie ukipata nafasi.

Wasalimie wote.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nimezipata. Sisi ni wazima, mtoto anaota meno na hatulali. Sina muda wa kuzunguka, kwa hiyo niende moja kwa moja.

Nimeifungua programu ofisini mbele ya wenzangu wawili. Vitufe vyote vinne vipo. Nimeiweka simu kwenye mandhari nyeupe nikaifungua: alama nyeusi, zinasomeka. Nimeiweka kwenye mandhari nyeusi nikaifungua tena: alama nyeupe, zinasomeka. Ule upau ndiyo kazi niliyoihangaikia kuliko zote, kwa hiyo usiniletee habari za kutoweka. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ukitazama unaviona. Sasa asiyeona ni nani? Fikiri kidogo, ndiyo maana ukapelekwa shule.

Nikuambie kitu ambacho wewe hukukiona kwa kuwa ulikuwa mchanga. Bibi alianza hivihivi. Kwanza chumvi ilikuwa "inahama" jikoni. Kisha mlango ulikuwa "umegeuzwa". Mwisho aliniita kwa jina la babu na kuniuliza kwa nini nimechelewa kurudi kazini. Nilikuwa na miaka kumi. Sitakaa hapa kusubiri Mama aiache pasi juu ya shati la mtu na nyumba iungue nawe ukiwa ndani.

Nimeshampigia simu nikamweleza. Muhula ukiisha atafunga kazi, aje akae kwetu. Wewe utakwenda bwenini. Usimtie maneno.

Kaka yako

14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hali yetu si nzuri sana, na nitakuambia kwa nini.

Sijui ulimwambia nini kwenye simu. Nilimkuta ameketi juu ya furushi la mashuka ya hoteli, jambo ambalo mimi nikilifanya ananifukuza. Akaniuliza, "Leo siku gani?" Nikamjibu. Akasema, "Nilijua. Nilitaka kuona kama na wewe unajua." Tangu siku hiyo anapiga pasi huku akitaja majina ya wateja kwa sauti ndogo, mmoja baada ya mwingine, na akikosa mmoja anaanza upya. Jana alimwita dereva wa gari la wagonjwa "mwanangu" kama anavyomwita kila mtu, kisha akageuka haraka kunitazama usoni aone kama amekosea.

Hakuwa hivi kabla hujampigia. Ulimwambia mtu mzima kwamba anachokiona hakipo, na hukumuuliza hata anaona nini. Daktari mwenyewe huuliza kwanza mgonjwa anaumwa wapi.

Na bwenini siendi kwa sababu ya upau wa simu. Sikukosei heshima, nasema ninavyofikiri. Tulifundishwa hivyo na huyohuyo unayemwita mgonjwa.

Mdogo wako

20 Machi

Wewe,

Sijambo, na nadhani wewe hujambo maana ulimi wako una afya tele.

Mkubwa ni jalala, najua. Kila uchafu wa nyumba hii hutupiwa mimi. Nilipokuwa nasoma kwa taa ya jirani ili leo mtu afue kwa mashine badala ya mikono, hukuwepo kunifundisha namna ya kumpenda Mama. Umejifunza kompyuta kwa muhula mmoja, tayari unamkagua fundi. Haya, mwalimu, nioneshe kosa lilipo. Huna. Unachonacho ni mdomo.

Mashine ya kufulia nimempatia mtu. Atakuja Jumamosi ya tarehe 29 kuichukua. Mama amekubali. Nilimuuliza taratibu akasema, "Kama wewe umeona hivyo, baba, sawa." Basi na wewe kubali.

Usinijibu kama huna jipya.

Kaka

25 Machi

Kaka,

Shikamoo. Ninalo jipya, na nakuomba ulisome hadi mwisho kabla hujakasirika. Ukishamaliza, ukasirike unavyotaka.

Jana jioni Mama alisema tena, "Vimekwenda." Nikanyoosha mkono kuichukua simu kama kawaida. Akaigandamiza kifuani. Akasema, "Usiichukue. Kila ninayemwambia ananinyang'anya simu, anaibonyezabonyeza, kisha ananirudishia na kuniambia, mbona vipo. Leo njoo utazame hapahapa mkononi mwangu."

Nikainama begani kwake. Kaka, upau ulikuwa mtupu. Mweusi kama chini ya sufuria. Nilisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo, nikaona alama kwa mbali sana, nyeusi juu ya weusi, kama uzi mweusi kwenye sketi nyeusi.

Ndipo nikafikiri mimi nikiichukua simu hufanya nini. Naifunga programu na kuifungua upya. Na wewe ofisini hufanya hivyohivyo, umeniandikia mwenyewe: unaweka mandhari, kisha unafungua. Sisi sote tunaifunga na kuifungua. Mama haifungi. Anaifungua asubuhi mteja wa kwanza akifika na kuiacha mezani kando ya pasi hadi amalize kazi, kama mlango wa duka. Na bwana wa duka la miwani aliyempima macho mwezi uliopita aliiseti simu ya Mama ijigeuze yenyewe kuwa nyeusi jua likizama, ili mwanga usimchome macho. Kwa hiyo simu inageuka programu ikiwa wazi. Upau unageuka mweusi pamoja na simu, lakini alama zinabaki na rangi ya mchana, ambayo ni nyeusi pia.

Nilimweleza mwalimu wetu wa kompyuta. Akasema huenda programu yako inaiuliza simu mara moja tu, inapofunguka, "Leo tumevaa nini?" na baada ya hapo haiulizi tena, hata simu ikibadili nguo mbele yake. Sikwenda kwake kukusema. Nilikwenda kuuliza.

Sasa fanya hivi. Weka simu yako kwenye mandhari nyeupe. Fungua programu. Usiifunge. Vuta mipangilio kutoka juu, geuza iwe nyeusi, kisha tazama chini. Fanya kabla hujaniandikia neno lolote, na kabla ya Jumamosi, kwa sababu Mama ameanza kukunja nguo zake mwenyewe ndani ya sanduku.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe naona inabidi uambiwe.

Mdogo wako

6 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini meno ya mtoto yametoka na mnalala sasa. Sisi tupo.

Hukunijibu, kwa hiyo mtu wa mashine alikuja kama ulivyompanga. Mama alimfungulia mlango, akamkaribisha chai, kisha akachukua kitambaa akaanza kuifuta mashine ili ampe ikiwa safi. Ila tangu asubuhi mimi nilikuwa nimeijaza mashuka ya hoteli. Yule bwana akangoja imalize. Ilipomaliza nikatia mengine. Akaniuliza, "Binti, haya mashuka yanazaana humo ndani?" Nikamwambia hoteli ni kubwa. Akanywa chai ya pili, akasema hawezi kubeba mashine yenye nguo za watu, atarudi Jumamosi ya tarehe 12. Mama alijua nilichokuwa nikifanya. Hakunikaripia wala hakunisifu.

Jumatano simu ikasema kuna toleo jipya la programu. Hukuandika chochote, toleo tu. Jioni tulikaa pamoja tukaitazama. Jua lilipozama kioo kikageuka cheusi, na zile alama nne zikageuka nyeupe palepale, moja kwa moja, bila kufungwa wala kufunguliwa. Ni kazi nzuri, kaka. Nasema kweli.

Nilidhani Mama atafurahi. Akaweka kidole juu ya Tayari bila kubonyeza, akaniuliza, "Na wewe unaiona?" Nikasema naiona. Akabonyeza. Kwa mteja wa pili akaniuliza tena. Jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikarudi nikakuta amekaa na nguo zilizonyooshwa zote mezani, hajamtumia mtu hata mmoja ujumbe. Alikuwa ananisubiri mimi nije nione.

Na sanduku lake bado limefungwa. Nikamuuliza kwa nini, na vitufe vimepona. Akasema, "Kaka yako hajasema nisiende. Labda kuna mengine aliyoyaona kwangu, hataki kukwambia wewe."

Ulirekebisha upau kimyakimya, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani usiku. Mimi sikudai kitu, hata samahani yako sihitaji, ingawa uliniita mdomo. Ila Mama ulimwambia kwa kinywa chako kwamba anaumwa. Mimi nimeshamwambia kwamba si kweli, lakini mimi ni mtoto wake wa mwisho na yeye anadhani namfariji. Anakusubiri wewe. Mwandikie.

Yule bwana anarudi Jumamosi, na sina mashuka mengine.

Mdogo wako

10 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi ni wazima. Mtoto ana meno mawili na anatung'ata.

Kwako wewe nina mengi ya kusema kuhusu ulimi wako na hasa hilo la sufuria, nitayasema tukionana. Lile jaribio nililifanya siku ileile niliyopata barua yako. Nililirudia mara nyingi. Sikukujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi, na mpaka sasa sijui, kwa hiyo usitarajie maua.

Msomee Mama haya yafuatayo. Usiongeze, usipunguze, na usimtazame kwa jicho la nilikwambia.

Mama, shikamoo.

Upau ulikuwa mtupu. Kila jioni uliyosema vitufe havipo, havikuwepo. Uliona sawasawa kuliko mimi niliyevitengeneza. Hakuna kingine nilichokiona kwako na kukificha. Niliposikia neno "vimetoweka" nilimkumbuka Bibi, nikaogopa, na woga wangu nikakubebesha wewe kama ugonjwa.

Mtu wa mashine nimemwambia asije. Fungua sanduku.

Kesho jua likizama nitakupigia. Programu iache wazi kama unavyoiacha siku zote, weka simu kwenye sauti ya nje, na binti yako atoke chumbani. Nitakuwa na yangu mkononi. Utaniambia unachokiona, kitufe hadi kitufe, nami nitakuwa naandika.

Mwanao wa kwanza