Jina Nililomtajia Mama

Trieste, 3 Septemba 1987

Mdogo wangu Livio,

Pokea salamu zangu wewe, Maureen na wasichana wote wawili. Goti linaendeleaje? Ulipanda tena juu ya paa baada ya mimi kuondoka? Najua ulipanda, usinijibu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa miguu imevimba kwa ngazi za mji huu. Nilipokuwa msichana nilizipanda mbio na ndoo ya makaa mkononi, wala sikujua kama ni ngazi.

Nimefikia kwa Fulvia, binti wa mjomba, kule kule mtaani kwetu San Giacomo. Amenenepa, anavuta sigara kama dohani, na hanipi nafasi hata ya kuosha kikombe. Siku ya kwanza aliniangalia nikiongea na majirani, kisha akasema, "Dada Nerina, unaongea kama marehemu bibi. Hayo maneno tulishayazika zamani." Sokoni muuza samaki naye aliniuliza lugha hii nimeifukua wapi. Nikamwambia niliiweka ndani ya chupa ya siki nikaenda nayo Melbourne, na sasa nimeirudisha. Alicheka mpaka akaniongezea dagaa kiganja kizima. Miaka thelathini na miwili, Livio, na bado najua kumchekesha muuza samaki wa Trieste! Nilirudi nyumbani nikilia kwa furaha, na Fulvia akadhani nimeibiwa.

Nyumba yetu ipo. Wameipaka rangi ya manjano, lakini uani kamba za nguo ni zile zile, na ghorofa ya pili kuna mtu anayepika jota, ile supu ya maharagwe na kabichi chachu, harufu ikashuka mpaka mlangoni ikanishika mkono. Nilisimama pale kama mtu anayesubiri kuitwa apande kula. Juzi bora, ule upepo mkali wa kwetu, ilivuma kidogo, si ile ya Februari, ya kiangazi tu, lakini ilitosha kumvua mzee mmoja kofia na kuipeleka baharini. Nilishika nguzo ya taa nikacheka peke yangu. Karibu na bandari bado wanakaanga kahawa, na upepo ukigeuka mji mzima unanukia.

Najua unaposoma haya umekunja uso. Siku zote umesema wewe huna mji, kwamba mji ambao baba anamwacha mtoto wake aondoke na meli bila hata kuja kumpungia mkono si mji, ni mahali tu ulipozaliwa. Sikuwahi kukubishia. Uliponiuliza kwa nini nakuja, nilikwambia nataka kuona makaburi. Ni kweli, ila si kweli yote. Vumilia usome mpaka mwisho. Usimpe Maureen akusomee, soma mwenyewe.

Nilikuja kumtafuta Ondina Zerial.

Najua jina hilo linavyosikika nyumbani kwenu. Mama hakulitaja bila kutema mate. Lilikuwa ndilo jina la mwanamke aliyemfanya baba akatae kupanda meli, fundi wa kushona wa ghorofa ya chini, mwenye mlango wa kijani, aliyekuwa akikupa vifungo uchezee. Fulvia aliniambia bado yu hai, ana miaka sabini na minne, na kwamba kiangazi hakosekani ufukweni Pedocin hata siku moja. "Ukitaka kumpata usiende kwake," alisema. "Nenda ufukweni. Kwake analala tu."

Basi Jumanne asubuhi nikaenda. Ukuta upo bado, wanaume upande wao na sisi upande wetu, na bado kila baada ya muda mwanamke anasimama kando ya ukuta anapiga kelele, "Ettore, funguo unazo wewe?" na upande wa pili sauti inajibu, "Hapana, unazo wewe!" Wanawake wamelala juu ya kokoto, wazee kwa vijana, wengi vifua wazi, wanakula pichi na kuwasengenya wakwe zao. Wewe uliwahi kuletwa pale na mama, ulipokuwa mdogo wa kuruhusiwa upande wetu. Ulilia kwa sababu kokoto zilikuunguza.

Nilimtambua kwa mgongo. Bado ameukaza kama mtu anayepimwa nguo. Ngozi imekuwa nyeusi kwa jua, imekunjamana kama tini kavu. Nilisimama mbele yake nikimkinga jua, na kabla sijafungua mdomo alisema, "Macho hayo ya Giusto Vascotto. Keti, mwanangu, unaniwekea kivuli."

Wenzake watatu walinigeukia mara moja. Mmoja, bibi kibonge mwenye kofia ya mpira, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa wanaume, "Kumbe ndiye binti wa yule mume uliyemwiba!" Ondina hakuona haya hata kidogo. "Ndiye," alijibu. "Nyie hamkuiba hata kuku. Haya, ogeleeni huko, tuna maongezi yetu." Wakaondoka wakicheka, na mmoja akaniachia pichi mbili.

Livio, nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu kwenye ndege. Lakini yeye ndiye aliyeanza, na alichoniambia ni hiki.

Baba hakuwa na mwanamke yeyote. Mwezi wa Januari, tulipopimwa afya kwa ajili ya safari, sisi watatu tulipita, yeye hakupita. Ilikuwa kifua kikuu, mapafu yote mawili. Alijua kwamba mama akipata habari atachana karatasi zote na kubaki kumuuguza, na kwamba baada ya mwaka mmoja atakuwa mjane kwenye chumba kimoja, na watoto wawili, katika mji usio na kazi. Kwa hiyo aliamua mama aondoke kwa hasira, maana kwa mapenzi asingeondoka. Jioni ile mama alipomwaga maji ya kufulia mlangoni kwa Ondina na kumtukana mbele ya ua mzima, baba alishuka baadaye kwa siri, akapiga magoti jikoni kwake, akamweleza ukweli, akamwomba asijitetee mpaka meli iondoke. "Wiki tatu tu, Ondina."

"Nikamwambia, we Giusto una wazimu," aliniambia. "Mimi nina mchumba, nina pete, Juni naolewa. Akakohoa. Akakohoa mpaka nikamletea beseni. Basi nikanyamaza. Wiki tatu zikawa maisha."

Mchumba wake alikuwa Romano, kondakta wa tramu ya Opicina. Alikuja kuidai pete kabla hata meli haijaondoka. Na meli ilipoondoka, baba hakuwa na mtu, kwa hiyo Ondina akamhamishia kwake, akamlaza kitanda cha karibu na jiko, na mtaa mzima ukasema, mnaona sasa? Alimuuguza miezi kumi na moja. Baba alifariki Februari, wakati wa ile baridi iliyogandisha mpaka mabomba. Ile barua ya msiba ambayo mama aliichana bila kuisoma mara ya pili, aliiandika Ondina.

Na siku ya meli, Livio. Wewe unakumbuka kwamba hakuja. Alikuja. Alikuwa mwisho wa gati la mawe, lile refu, si lile la abiria, kwa sababu aliogopa mama asimwone. Ondina alimshikilia kiunoni asianguke. Wewe ulivaa kofia nyekundu na ulikuwa juu ya mabega ya mtu fulani. Macho ya baba yalikuwa mabovu, basi akawa anamuuliza Ondina, "Bado unaiona kofia?" Anamwambia, naiona. "Na sasa?" Naiona, Giusto. "Meli yenyewe ilishapotea zamani," aliniambia, "na mimi bado namwambia naiona. Tulisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi."

Wanawake walikuwa wakipiga kelele majini, na upande wa pili wa ukuta wanaume walikuwa wakicheza karata na kugombana.

Sasa nifikie langu, maana mpaka hapa waweza kudhani kwamba na mimi nimeyajua haya juzi. Sivyo. Ugonjwa wa baba niliujua tangu siku ile ya Januari. Alinikalisha kwenye ngazi, akaniambia yote, akaniapisha. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwambia mama kwamba kuna mwanamke. Baba hakutaja jina. Alisema, "Mwambie yupo, basi, inatosha. Akikuuliza ni nani, sema hujui." Nikamwambia mama. Akanishika mkono, kucha zikaingia, akauliza ni nani. Na mimi nikasema, "Ondina."

Unajua kwa nini? Mwezi mmoja kabla, Ondina aliniona nyuma ya kanisa na mvulana mmoja wa Servola, akaenda kumwambia mama, na mama akanikata nywele kwa mkasi wa jikoni. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nimefunga kitambaa kichwani kama mgonjwa. Hiyo tu. Sikuwaza hata pumzi moja. Neno lilitoka lenyewe, tamu, na nilipomwona mama akishuka ngazi na lile beseni la maji ya kufulia nilifurahi. Niandike ukweli: nilifurahi.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Nilitaka kumwambia uso kwa uso, nimwombe radhi, aniadhibu anavyotaka. Nilimshika mkono nikaanza, "Bi Ondina, kuhusu jina lako..." Akanikatiza. Akanipigapiga mkono kama mtoto.

"Najua unachotaka kusema. Unataka kuniomba msamaha kwa niaba yake. Usiniombe. Sikiliza, mwanangu. Ua ule ulikuwa na wanawake kumi na sita. Alikuwepo Wanda, mzuri kama picha. Alikuwepo yule mjane wa ghorofa ya tatu, mwenye makalio. Baba yako alihitaji jina moja tu la kumpa mkewe, na kati ya wote alinichagua mimi, aliyejua nitanyamaza. Sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kuniambia. Kuna mambo hayaulizwi. Romano alinichagua kwa sababu nilikuwa na cherehani. Giusto alinichagua kwa sababu alinijua mimi ni mtu gani." Kisha akacheka, akaangalia bahari. "Hatukugusana hata kidole, usifikirie vibaya. Lakini mtu akikuamini hivyo, unaweza kuishi kwa hilo muda mrefu."

Livio, mdomo ulikuwa wazi na neno liko juu ya ulimi. Nikalimeza.

Nikasema, "Ndiyo, Bi Ondina. Alikuchagua." Akaitikia kwa kichwa, akamenya pichi, akanigawia nusu. Baadaye tukaingia majini pamoja, akiwa ameshika bega langu kwa sababu ya kokoto, na aliogelea vizuri kuliko mimi.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Saa nyingine nasema nimemhurumia, kwamba sina haki ya kumpokonya mzee kitu kilichomlisha miaka thelathini ili mimi nishushe mzigo wangu. Saa nyingine nasema ni woga ule ule, umevaa nguo nzuri. Sijui. Naona nitabaki bila kujua. Ninachojua ni kwamba wewe huwezi kuachwa hivyo. Wakati mama yu hai nilijiambia nimeapa. Tangu alipofariki ni miaka minane, na sina kisingizio, isipokuwa kwamba ili kukueleza habari ya baba ningelazimika kukueleza na ya jina. Nilikuona ukiwapa wasichana babu asiye na sura, kwa sababu mama alikata kichwa chake kwenye picha zote, na nikanyamaza. Nilikusikia siku ya harusi yako ukisema huna baba, na nikapiga makofi na wengine.

Jumapili mimi na Ondina tutaenda makaburini Sant'Anna. Anasema analipalilia kaburi mwenyewe, Fulvia asithubutu kupeleka maua ya plastiki. Anuani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kama moyo utakuruhusu, mwandikie. Mshukuru kwa ile miezi kumi na moja. Atakujibu kwa mwandiko mbaya na matusi mawili matatu, usishangae. Lakini jina lile, na aliyelitaja, libaki kwangu na kwako. Hilo nakuomba, na ni ombi la mtu asiyestahili kuomba.

Wasalimie wasichana, uwaambie shangazi amewanunulia skafu, na moja ina ule mkuki ulio nembo ya mji, wasigombanie. Mwambie Maureen ile mboga aliyonipa kwa safari niliila yote. Fulvia anakusalimu, anasema ulikuwa ukimng'ata. Goti lifunge usiku kwa kitambaa cha sufu.

Ukiniandikia kwa hasira, andika; ila andika. Baba hakukuacha, Livio. Niliyekuacha uamini hivyo ni mimi.

Dada yako,
Nerina