Bomba la Moshi la Mwalimu Barasa

Ijumaa. Jua limewaka tangu asubuhi, na upepo wa ziwani umeanza mapema kuliko kawaida. Mikono yangu inanuka petroli ingawa nimeinawa mara tatu.

Leo nimemjibu mwalimu wangu mbele ya watu. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikuwa hivyo.

Tangu nimalize kidato cha nne nafanya kazi kwa Anko Gichuki, ndugu ya Mama, anayetengeneza pikipiki hapa Karagita. Yeye ni wa injini. Mimi ni wa rangi ya mpira. Ni rangi ya kopo, ya kupuliza. Ikikauka inakuwa ngozi nyembamba juu ya chuma, na ukiichoka unaibandua kwa vidole kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Watu wa boda wanaipenda kwa sababu inageuza kromu kuwa nyeusi bila kuiharibu. Napuliza asubuhi tu, kabla upepo haujainua vumbi la barabara. Matabaka membamba matano, kila moja likisubiri lililotangulia likauke. Ni kazi ya kimya, na ndiyo maana naipenda.

Jumatano alikuja Mwalimu Barasa, aliyetufunza fizikia. Anko alikuwa ameenda Nakuru kununua vipuri, kwa hivyo nilikuwa peke yangu. Mwalimu alitaka pikipiki yake iwe nyeusi yote: madigadi, pete ya taa, vijiti vya vioo. Kisha akaligusa bomba la moshi kwa ncha ya kiatu, akasema nisiache hata hilo.

Kopo limeandikwa wazi kwamba rangi hii haifai sehemu zinazopata moto. Nilikuwa nimelishika mkononi.

Nikasema, "Sawa, Mwalimu."

Kwa miaka minne sikuwahi kumwambia mwalimu yeyote kwamba amekosea. Siku moja yeye mwenyewe aliandika jibu lisilo sahihi ubaoni. Niliona, na nikalinakili vile vile kwenye daftari langu. Jumatano nilifanya jambo lile lile. Tena bomba nililipuliza matabaka manane badala ya matano, kana kwamba wingi ungesaidia.

Jana jioni aliichukua pikipiki akiwa amefurahi. Leo asubuhi alirudi akinuka mpira ulioungua, na suruali yake ya kijivu ikiwa na bonge jeusi lililoganda pale mguu unapokaribia bomba. Mtu mmoja wa steji ya boda iliyo mbele ya karakana akamuuliza, "Mwalimu, leo unatuchomea nyama?" Wenzake wakacheka.

Mwalimu alimwambia Anko kwamba rangi yetu ni feki. Anko aliamini. Kopo lile alilinunua kwa mzee mmoja wa Nakuru, rafiki yake tangu aanze kazi hii, na papo hapo akatoa simu ampigie, akisema leo urafiki umeisha.

Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Mzee wa watu angelaumiwa, nami ningeendelea kupuliza.

"Anko, usimpigie," nikasema. "Kopo liko sawa. Rangi yake ndiyo haifai kwa bomba la moshi, na nilijua."

Mwalimu akageuka. "Ulijua, Wambui?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimekufunza joto mwaka mzima, halafu unaniacha nijichome?"

Sijui jibu langu lilitoka wapi. Lilikuwa dogo, lakini lilisikika.

"Hata wewe unajua joto, Mwalimu."

Anko akaanza kuikagua spana yake kama mtu ambaye hajawahi kuiona. Mwalimu aliangalia suruali, kisha bomba, na mwishowe akasema polepole kwamba hilo ni kweli, ingawa angependa kuambiwa Jumatano. Hakucheka. Kama alikasirika, alimeza.

Mpira ulioungua haubanduki. Bomba lilipopoa nililikwangua kwa kucha, kitambaa na petroli hadi alasiri, na bado limebaki na doa karibu na injini ambalo halitatoka. Doa hilo ni langu.

Nilidhani Anko atanifukuza. Alisema tu kwamba hata kuku anayeatamia hupiga kelele mayai yakiguswa. Kisha akanipa adhabu: kuanzia kesho wateja wote wa rangi nitawapokea mimi, na kabla sijashika kopo niwaambie mahali ambapo haitapulizwa. Afadhali angenipa mabomba kumi ya kukwangua.

Kesho asubuhi anakuja yule yule wa nyama, na anataka pikipiki yake nyeusi yote. Nimekuwa hapa nyumbani, nyuma ya pazia linalogawa chumba chetu na Mama, nikifanya mazoezi: "Hapo hapana, patashika moto." Mama akauliza kutoka kitandani naongea na nani. Nikamwambia, mteja. Akauliza kama huyo mteja amekubali.

Bado. Lakini asipokubali, bomba lake litaondoka liking'aa.