Mashine Arobaini na Hatua ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejipalia makaa mwenyewe. Kwenye kikao, mbele ya watu tisa na sahani ya biskuti ambayo hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuigusa.

Mkuu wa idara — tunamwita Bwana Kwa Kifupi, kwa sababu akishasema "kwa kifupi" tafuta mto ulale — aliuliza kwa nini chuo kizima kinasubiri siku nne kila muhula ili maabara iwe tayari. Mjomba akamjibu kwa upole. Kwamba wanafunzi wanahitaji kompyuta arobaini. Kwamba hatuna arobaini, tuna seva moja kubwa, na ndani yake tunaumba kompyuta arobaini za hewa, kila moja ikijiona ni kompyuta kamili. Kwamba kila moja anaiandaa kwa mkono: jina, paswedi, programu, hatua thelathini na moja, zote zimo kwenye kaunta buku lake. Anaziandaa nne nne mpaka zinatimia.

Hapo mdomo wangu ukakumbuka kwamba haujatumika siku nyingi. Nikasema kazi hiyo naiandikia skripti, orodha ya amri zinazojiendesha, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Mashine ikiwaka mara ya kwanza inajiandaa yenyewe. Zote arobaini, robo saa.

Bwana Kwa Kifupi akatabasamu — sikujua kama ana meno ya chini. Nimepewa hadi Ijumaa ya wiki ijayo, nionyeshe mbele ya wakubwa wawili wa bodi.

Mjomba ni mjomba kweli, tumbo moja na mama yangu. Ofisi nzima imelichukua jina hilo tangu nilipoajiriwa miezi mitatu iliyopita. Tangazo la kazi lenyewe ni yeye aliyeniletea. Tulipotoka akanipiga bega: hongera, mpwa. Kana kwamba sikusema hadharani kuwa siku zake nne ni robo saa.

Jumanne, 4 Machi

Bwana Kwa Kifupi kaniita ofisini. Kwa kifupi (dakika arobaini): mkataba wa Mjomba unakwisha mwisho wa mwezi. Skripti ikifanya kazi bila mtu, hautaandikwa upya. Ikishindwa, utaandikwa. Na ikifanya kazi, mimi niliye kwenye majaribio nitathibitishwa kazini, kwa kuwa idara inapenda vijana wenye ari. Akaomba iwe siri yetu. Nimeheshimika sana.

Mjomba amebakiza miaka miwili tu astaafu kama watu wengine, kwa hotuba na keki. Sasa atastaafishwa na mtoto wa dada yake. Ulimi hauna mfupa, sawa, lakini wangu hauna hata aibu.

Ningeweza kukataa. Nilisema "sawa, mkuu". Naandika hivyo hivyo, maana humu sina wa kumdanganya.

Alhamisi, 6 Machi

Mjomba kanisomea kaunta buku lote, hatua kwa hatua, miwani puani, huku mimi nikizigeuza kuwa Python. Hatua ya kwanza: washa. Hatua ya pili: hakikisha umewasha. Nikamuuliza kama hiyo ni ya lazima. Akasema ningeshangaa.

Hatua ya kumi na tisa: kunywa chai.

Tulicheka. Nikairuka, Python hainywi chai. Akataka kusema kitu, simu yake ikalia, ikawa imepita.

Mchana kutwa skripti imenitoa jasho. Ikifika mstari wa sita, kosa. Nikirekebisha, kosa mstari wa tisa. Kila kosa inasimama na kulia mpaka nije niibembeleze. Nikachoka. Nikaiandikia amri: ukikuta kosa lolote, nyamaza, endelea mbele. Ni kwa muda tu, wakati wa majaribio. Na ukifika mwisho andika TAYARI kwa rangi ya kijani.

Tangu hapo hatujagombana. Hivyo ndivyo nyumba nyingi zinavyodumu.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi na moja jioni nimeziwasha zote arobaini kwa mpigo. TAYARI, TAYARI, TAYARI, skrini nzima kama shamba la mchicha. Dakika kumi na tatu. Sikungoja hata robo saa yangu.

Mjomba alikuwa nyuma yangu na koti begani. Akaangalia muda mrefu. Akaniuliza kama zote zimekubali. Nikamwonyesha kijani. Akasema haya, twende nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Mama kapiga simu. Kaka yake amemsimulia habari zangu saa nzima, eti mtoto ana akili, eti ofisini wanamwinamia. Mama ananiambia: mshike mjomba wako vizuri, huyo ndiye baba uliyebaki naye.

Nimesema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumatatu, 10 Machi

Wanafunzi wameingia saa mbili. Kompyuta zote arobaini zinafanya kazi. Hakuna aliyelalamika, na wanafunzi wetu hulalamika hata kiti kikiwa kizima.

Bwana Kwa Kifupi kapita na watu wa uhasibu kuwaonyesha mimi. Nilikaa vizuri, kama twiga kwenye hifadhi. Kasema hii ndiyo kesho ya chuo. Mjomba alikuwa pembeni, kesho hiyo haimhusu, anapiga miayo tangu saa nne. Nikawaza: umri huo.

Naandika hilo pia. Niliwaza hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Bwana kaamuru zifutwe zote, ziundwe upya, ajiridhishe. Nimeziwasha jioni. Zote kijani. Nimeondoka saa kumi na moja na nusu nikipiga mluzi, halafu nikakumbuka ninachosherehekea, nikaacha.

Jumatano, 12 Machi

Mlinzi wa getini, mtu wa maneno machache, leo katoa yote ya mwezi. Ananiuliza: hivi mjomba wako siku hizi hana usingizi? Namfungulia saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu na leo tena.

Nikapanda ngazi bila kusalimia mtu. Seva huandika kila kinachofanywa na kila aliyekifanya, ila lazima mtu asome. Mimi fundi wa kesho ya chuo sikuwa nimesoma. Jana jioni, skripti yangu: mashine kumi na saba zimekamilika. Ishirini na tatu zina jina na paswedi tu, hazina programu hata moja. Hazifai kitu, lakini zimeandika TAYARI kwa kijani, kwa sababu nani aliyeziambia zikikuta kosa zinyamaze? Ni kwa muda tu, nilisema. Nimejiajiria mtumishi asiyeleta habari mbaya, nikashangaa nyumba ina amani.

Halafu leo saa kumi na mbili na dakika kumi na nne, jina la Mjomba. Kwa mkono, nne nne, akiweka programu tu zilizokosekana, mpaka saa mbili kasorobo, zote ishirini na tatu. Jumatatu vilevile.

Nimemkuta chumba cha seva akikunja nyaya. Nimemuuliza kwa nini. Kwanza alijifanya hajui. Nikamwonyesha simu yangu, nilikuwa nimepiga picha ya skrini. Akakaa juu ya boksi la betri.

Anajua habari za mkataba. Alipewa barua tangu mwezi uliopita kwamba huenda usiandikwe upya, kabla mimi sijafungua mdomo wangu. Akasema yeye kabakiza miaka miwili na mimi sijaanza. Akasema mtu akiangushwa kwenye majaribio, jina lake linamtangulia kila mlango atakaobisha. "Mimi nimeshakula chumvi yangu, mpwa. Wewe onyesha kazi yako Ijumaa. Nitakuja mapema."

Nikamwambia: Mjomba, unajichimbia kaburi, na jembe nimekupa mimi.

Akasema nisipige kelele, seva inahitaji utulivu. Anatania hata hapo. Nimelia chooni. Ghorofa ya pili, ya kwanza ina foleni.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeifuta ile amri ya kunyamaza. Nikawasha arobaini za majaribio. Sasa skripti inasema ukweli, tena inasema kwa sauti: kumi na saba kijani, ishirini na tatu nyekundu, na sababu imeandikwa. Ghala la programu limezidiwa. Mashine zote arobaini zinalivamia kwa wakati mmoja zikidai programu, za mwanzo zinapata, zilizobaki zinafungiwa mlango.

Nikaenda kwa Mjomba. Akafungua kaunta buku, akaweka kidole kwenye hatua ya kumi na tisa. Kunywa chai. Dakika kumi, ghala lipumue, kisha nne nyingine. Aligundua miaka tisa iliyopita, siku aliyoitwa chai kantini, akarudi akaikuta kazi iliyogoma asubuhi nzima imekubali. Hakujua namna ya kuandika "subiri" ikaonekana ni kazi. Kwa hiyo aliandika chai.

Kwa hiyo sasa najua. Ni mistari miwili: ziende nne nne, zisubiri. Nikiiweka, skripti itafanya kazi kweli, kihalali, na Mjomba ataondoka kihalali. Itachukua saa moja na nusu badala ya robo saa, lakini nani atajali. Nisipoiweka, kesho itakuwa nyekundu mbele ya bodi.

Nimeamua siweki. Leo jioni siziwashi, na kesho Mjomba haji saa kumi na mbili, nimemwapisha kwa jina la bibi. Zitawaka mbele yao, zitakuwa nyekundu, nami nitawaambia nani anayejua kwa nini. Wajionee mtu wanayetaka kumfuta. Mwezi ujao kitu kingine kikigoma, wataiuliza Python?

Ni mpango mzuri. Na mimi mipango yangu mizuri naifahamu.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tano. Naandikia kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha mikutano.

Zimekuwa nyekundu. Ya kumi na nane ndiyo ilianza. Wakubwa wa bodi wakavaa miwani. Bwana Kwa Kifupi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema kwa kifupi kweli: "Nini hiki?"

Nikasimama. Nikasema skripti yangu haijawahi kumaliza kazi, hata siku moja. Nikasema anayejua dawa yake yuko humu chumbani na mnataka kumwachisha kazi. Bwana akauliza, basi wiki nzima mashine zimekuwa zikitengenezwa na nani?

Nikavuta pumzi nijibu. Mjomba akaniwahi. Akasema yeye hayajui mambo haya ya kisasa, wamuulize mtoto, mtoto ndiye mtaalamu. Uso mkavu kabisa. Nikasema si kweli. Akasema mtoto amechoka. Tukabishana mbele ya bodi kama watu wa nyumba moja, na ndivyo tulivyo, mpaka mkubwa mmoja akagonga meza. Tukatolewa nje wote wawili. Baada ya dakika tano wakamwita yeye peke yake.

Mlango haukufungwa vizuri. Nasikia.

Anawaambia skripti ni nzima. Anawaambia yeye ndiye aliyekuwa akiingia alfajiri na kuzichokoa mashine, kwa wivu wa kizee, na leo zimeharibika kwa sababu yake. Mtu ambaye hata kibodi huifuta kabla ya kuigusa. Bwana Kwa Kifupi anamuuliza kama yuko tayari kuyaandika hayo na kutia sahihi.

Anaulizwa tena.

Amesema ndiyo. Anaomba kalamu. Nasikia kiti kinavutwa.

Naingia