Mkate Nyuma ya Pasi

Mama watoto,

Mayai kumi na manne yako kwenye friji, wapikie watoto. Mimi hata kuyaona sitaki. Maji yanakatika saa sita, jazeni ndoo mapema.

Asubuhi hii nimefeli jaribio la zimamoto. Kwenye uzito nimepita. Kilichonishinda ni kupandisha ngazi lile sanamu la mtu la kilo themanini, la kupimia uokoaji. Ghorofa ya pili tu nikaanguka nalo mbele ya vijana niliowafundisha mwenyewe. Daktari akanipima: wiki kumi bila wanga, mazoezi kila alfajiri, nimepungua kilo saba, na tano kati ya hizo ni misuli. Nasi tulikuwa tunapiga makofi kila mizani ikishuka!

Nakwenda kurudisha buti na kofia. Kuanzia kesho nakaa ofisini kupokea simu, wenzangu waende kwenye moto.

~~Nipigie saa kumi.~~ Usinipigie.

Halafu ule mkate mnaonificha nyuma ya pasi, nilikuwa naujua tangu wiki ya kwanza. Sikuwahi kuugusa. Leo nimekata kipande, nikakila nimesimama. Hakina ladha yoyote.

Baba Mayai, kama mnavyoniita