Bakuli la Dagaa Kwenye Tangi la Pili

Mpendwa Bibi,

Baba ameondoka na pikipiki kwenda Nyasura, Bunda, kununua mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, na ameondoka amekasirika. Nakuandikia kwa sababu nimekutaja mbele yake, na sijui kama nimekukosea.

Unawakumbuka kamba wetu wa maji baridi, wale wenye magando. Ulipowaona mara ya kwanza hapa Bweri uliuliza, "Huyu ni nge au samaki?" Baba alitaka kujua wanameng'enya vizuri chakula kipi. Tulisaga dagaa kwa ajili ya tangi la kwanza na mashudu kwa ajili ya tangi la pili, tukakanda kila kimoja na unga wa muhogo, tukapitisha kwenye mashine ya kusagia nyama vikatoka kama tambi. Wewe ulikaa juani ukifukuza inzi kwa kanga. "Wadudu mnawapikia vizuri kuliko mimi," ukatuchekesha.

Kazi yangu ilikuwa kuvuta kinyesi chao kwa mpira mwembamba na kukikagua kwenye sahani nyeupe. Chakula kisichomeng'enywa hutoka kama kilivyoingia. Kwenye matangi yote mawili kinyesi kilikuwa laini, na kamba walikua sawasawa. Baba alifurahi sana kuona mashudu yanatosha, maana dagaa ni mboga ya watu.

Siku moja nilikukuta umeinama kwenye tangi la pili na bakuli mkononi.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nawasalimia. Wenzao wanakulaga dagaa, hawa mnawapaga makapi. Ndiyo malezi hayo?"

Bakuli lilikuwa tupu, nikaamini ni salamu tu.

Tangu tukuzike Butiama, tangi la pili limebadilika. Kamba wamelegea, na wengine wanafia katikati ya kujivua gamba. Kwenye sahani naona maganda meusi ya mbegu za pamba, mazima kabisa. Chakula chetu ni kilekile. Aliyepungua ni wewe.

Leo asubuhi Baba alikuwa ameshavaa helmeti. Bado aliamini jaribio letu, akataka kamba wa matangi yote walishwe mashudu tu. Unajua ninavyoshindwa kuongea mbele yake. Maneno huwa nayapata baadaye, chumbani. Lakini nilisimama mbele ya pikipiki na ile sahani.

"Baba, wataisha wote. Bibi alikuwa anawapa hawa dagaa."

"Nani kakwambia?"

"Nilimwona na bakuli."

Aliitazama sahani kwa muda mrefu. "Usimsingizie marehemu," akasema, akawasha pikipiki.

Bibi, sitaki ukumbukwe kama mtu aliyeharibu jaribio. Uliwafanyia kamba kama ulivyotufanyia sisi: hukuweza kuona mtoto mmoja anakula ugali na mboga na mwenzake anakula ugali mkavu. Lakini ningenyamaza ili nikulinde, tangi la kwanza nalo lingekwisha.

Pikipiki imeingia. Nachungulia dirishani. Ameshusha gunia moja tu la mashudu, na juu yake kuna mfuko wa dagaa.

"Mama!" ananiita, hajaacha kuniita hivyo, kwa kuwa nimebeba jina lako, wewe mama yake. "Lete mashine ya nyama. Tunachanganya vyote, kama alivyowalisha yeye. Safari hii tunapima."

Anavua helmeti. "Na lile bakuli lake, lete."

Nakimbia, Bibi. Lala salama huko Butiama. Tangi la pili nitalisalimia mimi.

Mjukuu wako, wajina wako.