Resho Zote kwa Mara Moja

Jumanne, 7 Oktoba

Inafanya kazi. Haki ya Mungu, inafanya kazi!

Simu yangu ya zamani, ile ya kioo kilichopasuka, imechomekwa ukutani jikoni tangu asubuhi. Umeme ukikatika inajua, maana haichajiwi tena. Ukirudi inajua pia, na programu niliyoiandika inatuma ujumbe: UMEME UMERUDI. Nilikuwa kazini, kwenye kisekretaria chetu karibu na soko, nachapa barua ya mtu asiyejua anataka nini. Ujumbe ukaingia. Nikampigia mama, aliyekuwa kwa jirani anapiga soga: rudi, pasi inakungoja. Anapiga pasi nguo za watu, saa moja ya umeme kwake ni siku nzima. Akauliza nani kaniambia. Simu ya jikoni, nikasema. Akasema hiyo simu ni mbea.

Bosi ameniambia programu ni mambo ya Ulaya, si ya mji wetu wa Likasi. Likasi imekwisha andika programu, yeye aendelee kusema.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jambo la kuchekesha. Kompyuta inahesabu wakati kwa sekunde, kuanzia mwaka 1970 unapofunguka. Yote ya kabla ya hapo kwake ni chini ya sifuri. Nikaingiza tarehe ya kuzaliwa ya mama, 1966. Namba ikatoka na alama ya kutoa mbele. Nikamwonyesha: mama, kwa mashine wewe uko chini ya sifuri.

Hakuacha hata pasi. « Minye nilikuwa tayari. Ile mashini njo ilikuwa bado. »

Nimeiandika sentensi hiyo juu kabisa ya programu yangu, pale pa maelezo. Ibaki hapo.

Mama kaeneza habari. Sasa avenue zote, mitaa minne inayokula umeme wa kabine yetu — kile kijumba cha matofali chenye transfoma — zinataka ujumbe. Hata Papa Constantin, chef, yaani mkuu, wa avenue ya juu, kaja mwenyewe kunitajia namba yake. Polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Jumapili, 12 Oktoba

Misa. Padri yuko katikati ya mahubiri, simu zikalia. Siyo moja. Kanisa zima, benchi kwa benchi. Umeme umerudi! Nusu ya kwaya ikatazama mlango. Mama akainamisha kichwa akijifanya anasali, lakini niliona mabega yanacheka. Baada ya baraka watu walitoka mbio kuliko siku ya harusi.

Tulikuwa hatujafika nyumbani tukasikia mlio kutoka kabine. Fyuzi imeruka. Giza. Firmin, mlinzi wa kabine, akabadilisha. Umeme ukarudi, simu zikalia, watu wakakimbia tena, fyuzi ikaruka tena. Hivyo hivyo mpaka Firmin akafunga mlango akaenda kulala.

Jumatatu, 13 Oktoba

Papa Constantin amekuja asubuhi, kabla sijapiga mswaki. Hakukaa.

« Ile kamashini yako njo inaunguza kabine. Uitoshe ku prise leo. »

Nikamuuliza kama fyuzi hazikuwa zinaruka kabla yangu. Akasema zilikuwa zinaruka, ila si hivi. Akanikumbusha wenzetu wa ng'ambo ya reli: transfoma yao iliungua kwenye mvua za mwaka jana, mpaka leo wanapikia makaa na wanachajia simu kwa watu. Yetu ikiungua, nani atatuletea nyingine?

Kinachoniudhi ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Nimemwambia siichomoi simu ukutani mpaka nijue kwa nini. Mama kaniangalia sana. Kwetu hatumjibu hivyo mtu wa umri wake. Najua. Nimemjibu hivyo.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimejua kwa nini. Na ni aibu kidogo, maana sisi wenyewe tunafanya.

Umeme ukikatika maharage yakiwa kwenye resho, nani kwetu anazima resho? Hakuna. Unaacha jiko lako la umeme limewashwa na sufuria juu yake, ili umeme ukirudi usikukute umezubaa. Nimepita nyumba kwa nyumba nikijifanya naazima chumvi. Resho, pasi, hita, zote ziko wazi zinangoja. Yetu pia. Zamani aliyetoka alizima vyake na hakujua umeme ukirudi, kwa hiyo walau nyumba kadhaa zilikuwa zimelala. Mimi nimewaamsha wote, wanarudi mbio kuwasha. Kabine moja ndogo, na resho zote kwa mara moja.

Jioni nikasoma. Kumbe wenye kompyuta kubwa za dunia wana ugonjwa huu huu! Mashine maelfu zinangoja mlango mmoja, mlango unafunguka, zote zinaingia, mlango unavunjika. Wanaita tatizo la kundi. Dawa yake: usiwaamshe pamoja. Kila mmoja angoje kidogo, na zamu zipangwe kwa kura, kama bahati nasibu.

Basi nitafanya hivyo. Umeme ukirudi, avenue moja ipate ujumbe, kisha nyingine, kisha nyingine. Kila mara mashine ipige kura upya. Na kila resho izimwe mpaka ujumbe wake ufike. Firmin kakubali, kasema afadhali ujinga mpya kuliko ule wa zamani.

Programu ni kazi ya jioni moja. Kuwafanya watu wazime resho, hiyo sijaona lugha ya kompyuta inayoiweza.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mkutano uani kwa Papa Constantin. Nilieleza mpaka koo likakauka. Walielewa haraka kuliko nilivyoogopa, na hapo ndipo matata yalipoanza, maana kila mtu alielewa kwamba kuna wa kwanza na kuna wa mwisho.

Mama Blandine, mwenye mashine ya kusaga mahindi ya bukari, ugali wetu, alisimama: « Batu bote banakula bukari. Mashini yangu njo ya kwanza. »

Mwingine ana frigo ya samaki wa ziwa Tshangalele. Mwingine ana mgonjwa. Kisha Papa Constantin akainua mkono, wakanyamaza. Anakubali mpango wangu wote, ana neno moja tu.

« Minye njo chef. Avenue yangu ipite ya kwanza, siku yote. »

Ni mstari mmoja wa programu. Ningeuandika palepale nimesimama, hakuna ambaye angejua. Nikasema hapana. Kura ni kura. Hata avenue yetu itakuwa ya mwisho ikiangukia mwisho.

Papa Constantin akashusha mkono. « Sawa. Lundi tutaona. Fusible ikiruka, minye mwenyewe nitatosha ile telefone ku prise. »

Njiani mama akasema ningempa tu ya kwanza, mambo yangeisha. Yasingeisha, mama. Nikimpa chef leo, kesho kila mtu ana mjomba.

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo ndiyo lundi yenyewe. Nimeomba ruhusa kazini. Bosi kanuna. Anune.

Naandika hapa hapa kando ya kabine, nimekaa juu ya jiwe, maua ya jakaranda yananiangukia kwenye daftari. Papa Constantin kaletewa kiti chake, kakaa upande wa pili wa mlango wa kabine, nyumba yake iko nyuma yake. Firmin yuko ndani na fyuzi mpya mfukoni. Umeme haupo tangu asubuhi.

Umerudi! Kabine imeanza kunguruma.

Kura ya kwanza: avenue ya Mama Blandine. Nasikia mashine yake ya kusaga. Imeshika. Firmin anachungulia mlangoni.

Ya pili: avenue ya kanisani. Ngurumo imepanda. Imeshika.

Ya tatu — Mungu wangu. Yetu. Mama ameshawasha pasi, lazima. Nani ataamini ni kura? Sijagusa kitu. Sijagusa! Mlio wa kabine umekuwa mzito.

Imebaki avenue ya chef. Ya mwisho kabisa, siku ya kwanza kabisa. Watu wamesogea, wanatazama yeye, si kabine. Simu yake iko gotini, kimya.

Mke wake ametokea mlangoni. Ameona taa imewaka. Anauliza kwa sauti kama awashe resho.

Papa Constantin hajageuka. Ananiangalia. Namwangalia. Sitashusha macho mimi.

« Ngoja kwanza, » amemwambia mkewe. « Telefone haiyalia bado. »